Uvira: Majina ya mababu yaokolewe kabla maji na moto havijayamaliza

Swali lenyewe ni fupi, lakini Uvira linaweza kumfunga mtu kinywa: babu yako alizaliwa wapi, mwaka gani, na karatasi yake iko wapi?

Linaulizwa ofisini mtu anapotafuta cheti cha uraia. Linaulizwa mbele ya hakimu ndugu wanapogombania shamba la marehemu. Linaulizwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, mkimbizi anapohojiwa kuhusu ukoo wake kabla ya kupelekwa nchi ya tatu. Na siku hizi linaulizwa kwa simu usiku, na mtoto aliyezaliwa Marekani au Australia ambaye anataka kujua kwa nini anaitwa jina analoitwa.

Mara nyingi jibu ni lile lile: "Alizaliwa Kalundu, wakati wa Wabeleji." Basi, mazungumzo yanaishia hapo. Tarehe haijulikani, na jina la mama wa babu halikumbukwi. Karatasi, kama zilikuwepo, zilibaki ndani ya sanduku siku watu walipokimbia.

Watu wengi wamezoea kuona upotevu huo kama ajali ya vita, jambo la kusikitikia na kuacha. Hapo ndipo wanapokosea. Majina mengi ya wazee wa Uvira, Fizi na bonde la Ruzizi bado yameandikwa mahali fulani. Kilichokosekana ni kazi ya kuyatafuta, kuyanakili na kuyatunza mahali zaidi ya pamoja. Kazi hiyo inaweza kuanza sasa, parokiani na nyumbani, bila kungoja amri kutoka Kinshasa.

Karatasi zilipotea mara nyingi, si mara moja

Historia ya karatasi za Uvira ni historia ya kukimbia. Mwezi Mei 1964 mji uliingia mikononi mwa waasi, katika vita ambavyo wazee bado wanaviita vya Mulele. Familia nyingi zilivuka kwenda Burundi na Tanzania. Oktoba 1996 ukatekwa na jeshi la AFDL. Agosti 1998 vita vya RCD vikaanza. Kila mara watu waliondoka na watoto, godoro na sufuria. Karatasi haipikwi, kwa hiyo ilibaki.

Baadaye yakaja maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu. Katika miaka hiyo hiyo ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia ndani ya nyumba za watu wa ufukweni. Kitabu kilichonusurika bunduki za 1996 kingeweza kuoza kwa matope ya 2020.

Serikali nayo imeacha pengo kubwa. Kongo haijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984. Kwa miaka mingi kitambulisho ambacho raia wa kawaida anacho mfukoni ni kadi ya mpiga kura, na kadi hiyo haisemi lolote kuhusu babu. Sheria ya familia inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo, lakini uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba ni takriban watoto 4 kati ya 10 wenye umri chini ya miaka 5 waliokuwa wameandikishwa. Maana yake ni kwamba wajukuu wa leo watakuwa na tatizo lile lile la babu zao, ingawa wamezaliwa wakati kila nyumba ina simu.

Ayalandi ilipoteza karne saba kwa siku moja

Iko nchi moja ya Ulaya ambayo watu wake wanajua vizuri maana ya kutafuta babu ambaye karatasi yake imeungua. Ni Ayalandi. Jina hilo si geni kabisa Kivu: mwaka 1960 kikosi cha wanajeshi wa Ayalandi kilikaa Goma chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa.

Tarehe 30 Juni 1922, katika siku za kwanza za vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa mjini Dublin lililipuka na kuteketea. Karatasi za karne saba ziligeuka jivu. Humo zilikuwemo sehemu kubwa ya sensa za kuanzia 1821 hadi 1851, wasia za watu, na karibu nusu ya vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi vya kanisa la Kianglikana la nchi hiyo.

Hasara haikutoka kwa vita peke yake. Sensa za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Zile za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili karatasi itumike tena. Karani mwenye kalamu alifanya kazi ambayo bomu halikuifanya.

Nchi hiyo pia ilikuwa na watu wake ugenini. Njaa kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kusukuma wengine zaidi ya milioni moja kwenda Marekani, Uingereza, Kanada na Australia. Leo wajukuu wa wajukuu wao wanatafuta kijiji walikotoka. Kwa baadhi yao si hamu tu ya kujua: sheria ya Ayalandi inamruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa hicho kuomba uraia. Cheti kimoja cha bibi kinaweza kuzaa pasipoti.

Wanatafuta wapi, ikiwa jengo liliungua? Wanatafuta katika vitu ambavyo havikuwa ndani ya jengo. Vitabu vya parokia za Kikatoliki vilinusurika kwa sababu vilibaki kwa mapadri vijijini. Maktaba ya taifa ilivipiga picha, na tangu 2015 picha hizo zinasomwa bure kwa intaneti. Sensa za 1901 na 1911 zipo, nazo ni bure. Mahali pa sensa zilizopotea, watu wanatumia daftari la kodi ya ardhi na nyumba lililoandikwa kati ya 1847 na 1864. Lilitengenezwa kwa ajili ya kudai pesa, lakini kwa kuwa linataja mwenye nyumba kijiji kwa kijiji, limekuwa kama sensa.

Na mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto, wataalamu wa Dublin walifungua hazina mpya ya kumbukumbu kwa intaneti. Walizunguka katika maktaba na nyumba za kumbukumbu za nchi nyingine, wakakusanya nakala za karatasi zilizokuwa zimeungua. Nakala ambazo mtu fulani alizitengeneza zamani kwa shughuli zake ndizo zilizowaokoa.

Somo kwa Uvira liko wazi: kilichoandikwa mahali pamoja tu kimeshapotea, kinangoja siku yake.

Uvira kuna pa kuanzia

Mahali pa kwanza ni kanisani. Mwaka 1883 Mapadri Weupe walifungua misheni Kibanga, kusini mwa Uvira, karibu na rasi ya Ubwari. Sheria yao ilitaka kila misheni iandike kitabu cha matukio ya kila siku: nani amefika, nani amekufa, mwami gani ametuma ujumbe, njaa imeanza lini. Kumbukumbu za shirika hilo zimetunzwa Roma. Jimbo Katoliki la Uvira lilianzishwa mwaka 1962, likikatwa kutoka Bukavu, kwa hiyo anayetafuta mtu aliyebatizwa kabla ya hapo asikate tamaa akikosa Uvira. Aulize Bukavu pia.

Kitabu cha ubatizo kina thamani ambayo wengi hawaijui. Hakiandiki jina la mtoto peke yake. Kinaandika baba, mama, msimamizi wa ubatizo na kijiji. Mtu huyo anapofunga ndoa baadaye, hata mbali, parokia aliyobatizwa inatakiwa kuandika ndoa hiyo pembeni mwa jina lake. Mstari mmoja unaweza kubeba vizazi viwili.

Makanisa ya Kiprotestanti nayo yana hazina yao. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, na makanisa yaliyozaliwa na kazi yao yameenea kutoka ufukweni hadi milimani. Familia za Kiislamu, ambazo Uvira zina mizizi tangu wakati wa misafara ya Ujiji, ziulize kwa mashehe na katika nyumba za waliofungisha ndoa.

Mahali pa pili ni katika karatasi za kodi na kazi. Mkoloni alitaka kodi ya kichwa kwa kila mwanaume mzima, na ili kuipata ilimbidi aandike majina kijiji kwa kijiji, usultani kwa usultani. Familia ambayo bado ina kitabu cha kitambulisho cha wakati huo, risiti ya kodi au kadi ya kazi ya kiwanda cha sukari cha Kiliba, imeshika ushahidi mkononi, si takataka. Lakini daftari la kodi lina upofu wake: wanawake hawamo. Anayetafuta bibi hatampata kwa mkusanya kodi, atampata kwa padri.

Mahali pa tatu ni ng'ambo ya mpaka. Kati ya Uvira na Bujumbura ni mwendo mfupi kwa gari, na koo za mtaa wa Buyenzi na koo za Uvira zimeoana tangu zamani. Mtoto wa Kavimvira anaweza kuwa ameandikwa Bujumbura, na marehemu wa Baraka anaweza kuwa amezikwa Kigoma. Anayetafuta upande mmoja wa ziwa anasoma nusu ya kitabu.

Mtu mmoja, majina matatu

Hata karatasi ikipatikana, kazi haijaisha. Kwa desturi za hapa, mtoto si lazima abebe jina la baba yake. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana kabisa, na mgeni akisoma orodha hatajua kwamba ni ndugu.

Kisha kuna mwaka 1972. Serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kizungu, ikadai kila Mzairwa atumie jina la asili. Joseph wa kitabu cha ubatizo cha 1950 hakufa, alibadilishiwa jina tu. Katika karatasi za baada ya 1972 anaonekana kwa jina la ukoo peke yake, na katika karatasi za miaka ya 1990 huenda Joseph akarudi. Mjukuu asiyejua historia hiyo atafikiri ni watu wawili.

Makarani wa Kibeleji pia waliandika walichosikia. R ikawa L, na majina ya vijiji yakapindwa. Pale mzee alipokuwa hajui tarehe yake ya kuzaliwa, karani alikisia mwaka. Ndiyo maana wazee wengi wameandikwa kuwa walizaliwa "karibu na 1940", na wakimbizi wengi sana wana tarehe moja ya kuzaliwa: 1 Januari.

Kwa sababu hiyo karatasi haiwezi kufanya kazi bila mzee, na mzee akiondoka karatasi inabaki bubu. Yeye ndiye anayejua kwamba jina fulani katika orodha ndilo lile ambalo familia inalitumia nyumbani, na kwamba mwaka aliozaliwa shangazi ndio mwaka ambao mto uliondoka na daraja.

Brussels iko mbali

Sehemu kubwa ya karatasi za utawala wa kikoloni haiko Kongo. Wakati wa uhuru Ubelgiji ilisafirisha kumbukumbu nyingi kwenda Brussels, na zilizo nyingi sasa zinatunzwa na Kumbukumbu za Taifa za nchi hiyo. Jumba la makumbusho la Tervuren lina nyingine.

Kwamba karatasi hizo zina nguvu, imeshaonekana. Watoto waliozaliwa na baba Wazungu na mama Waafrika walichukuliwa kwa mama zao na utawala wa kikoloni, wakapelekwa kwenye misheni, na wengi wakakua bila kujua majina ya wazazi wao. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa niaba ya Ubelgiji. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikasema kwamba kuwateka wanawake watano walipokuwa watoto wadogo ilikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na serikali ya Ubelgiji ikaamriwa kuwalipa fidia. Kumbukumbu za Taifa zimepewa kazi ya kuwasaidia watu wa kundi hilo kutafuta faili zao.

Ni hatua nzuri, lakini haitoshi. Mjukuu wa mlipa kodi wa Makobola au Luvungi naye ana haki ya kuona jina la babu yake, na hapaswi kuomba viza ili alione. Dublin iliweka vitabu vyake kwa intaneti, bure, na mtu anavisoma akiwa Boston au Sydney. Ubelgiji haina sababu nzuri ya kushindwa kuwafanyia hivyo Wakongo, ambao ndio walioandikwa. Serikali ya Kinshasa nayo inapaswa kudai nakala hizo kwa sauti ile ile inayotumia kudai vinyago na masanduku ya makumbusho.

Hofu yenye sababu

Wapo watakaosema kwamba kufukua asili za watu Uvira ni kuchezea kiberiti. Hofu hiyo ina sababu. Hapa swali la "umetoka wapi?" limewahi kuua. Tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge waliokuwa wamekimbia kutoka Kongo, waliuawa Gatumba, ng'ambo kidogo tu ya mpaka. Na kila mtu anakumbuka vitambulisho vya Rwanda mwaka 1994, ambavyo kabila liliandikwa ndani yake.

Sheria zenyewe zimeyumba. Ile ya 1972 ilitaja 1 Januari 1950 kwa watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu. Ile ya 1981 ikarudisha tarehe nyuma hadi 1 Agosti 1885, siku ambayo hapakuwa na karani hata mmoja wa serikali Uvira wa kuandika jina la mtu yeyote, awe Mvira, Mfuliru, Mbembe, Mrundi au Mnyamulenge. Sheria ya 12 Novemba 2004 inaangalia makabila yaliyokuwa katika ardhi ya Kongo wakati wa uhuru.

Lakini hofu hiyo haitoi sababu ya kuacha vitabu vioze. Pasipo karatasi, anayeamua nani ni mwenyeji ni mwenye sauti kubwa au mwenye bunduki. Karatasi ya zamani ikisomwa kwa uaminifu, mara nyingi inaonyesha jambo lisilowapendeza wachochezi: kwamba watu wa ufukwe huu walihama, walioana, walikimbia njaa na vita, na wakapokelewa. Mwenye kuchimba ukoo wake kwa kina atakuta mgeni ndani yake.

Kinachotakiwa ni kanuni. Nakala zikusanywe kwa jina, tarehe, wazazi na kijiji, bila orodha za makabila. Habari za walio hai zibaki kwa familia zao. Na orodha yoyote isitolewe kwa chama, kikundi cha silaha au mgombea wa uchaguzi.

Simu moja inatosha kuanza

Kazi yenyewe haihitaji mradi wa mamilioni. Parokia au kanisa likiteua vijana wawili waaminifu, wenye simu nzuri na mwanga wa dirisha, kitabu kimoja cha zamani kinaweza kupigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa siku chache. Nakala moja ibaki parokiani, ya pili iende makao makuu ya jimbo au ya kanisa, ya tatu itunzwe mbali na ziwa, Bukavu au Kinshasa, mahali ambapo mafuriko ya Mulongwe hayafiki. Ofisi za serikali zinazoandika vizazi na vifo zifanye hivyo hivyo kwa vitabu vyao.

Nyumbani kazi ni nyepesi zaidi. Mzee akae chini ya mwembe, kijana aweke simu ya kurekodi, amuulize kwa heshima: baba yako aliitwa nani, mama yako aliitwa nani, walizikwa wapi, kanisani uliitwa nani kabla ya 1972? Majibu yaandikwe na yatumwe kwa ndugu wawili au watatu walio miji tofauti. Na mtoto aliyezaliwa wiki hii apelekwe kuandikishwa kabla ya siku 90 kwisha, ili mjukuu wake asije akaanza upya utafutaji huu.

Waayalandi walingoja miaka 100 kurudisha sehemu ya kile walichopoteza kwa siku moja, na walikuwa na nakala zilizotawanyika duniani. Uvira haina nakala nyingi za kuitegemea. Ina wazee wachache waliokuwa vijana mwaka 1960 na ambao bado wanaweza kutaja mababu zao. Wasiulizwe mwaka ujao, waulizwe Jumapili hii.